Nani Atawasha Taa ya Timoth?

Taa ya sebuleni ilizimika alfajiri, tukiwa katikati ya rozari. Haikupasuka wala haikutoa mlio wowote. Ilififia polepole juu ya vichwa vyetu mpaka nikashindwa kuziona shanga zilizokuwa mkononi mwangu, na Mama Marsiana, mama mkwe wangu, akaikatisha Salamu Maria kabla ya kufika mwisho. Nilisikia pumzi yake tu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyemwona mgeni getini:

"Amefika."

"Nani, mama?"

"Mumeo."

Mimi si mwoga, na wanaonijua wanajua. Nimekulia kijijini Kate, nimelala kwenye kibanda cha shambani kulinda mahindi huku nguruwe pori wakikoroma nje ya mlango. Lakini asubuhi ile niliogopa. Tuliketi gizani, mimi na mama wa marehemu, na sikuthubutu kugeuza shingo kutazama kiti cha Timoth.

Timoth ni mume wangu. Nasema "ni" kwa sababu hivyo ndivyo nyumba ile ilivyonifundisha kusema. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na misa ya kumaliza mwaka ilikuwa bado haijasomwa. Katika ukoo wao, siku mwanamume anapozikwa, moto huwashwa nyumbani kwake na hauzimwi mpaka misa hiyo ipite, ili asipotee njia akija kuwaaga watu wake. Zamani ulikuwa moto wa mafigani. Mama Marsiana alipokuja mjini Sumbawanga kuzika hakukuta mafiga sebuleni kwetu, alikuta glopu. Akabonyeza swichi, akaibandika tepu juu yake, akasema asiiguse mtu. Tangu siku hiyo taa ile iliwaka usiku na mchana. Umeme ulipokatika alisema si kosa letu, maana hakuna mkono uliozima.

Nusu ya pili ya mila hiyo niliijua vizuri kuliko nilivyotaka. Moto ukifa kabla ya misa, yule atakayeuwasha tena ndiye mwenye nyumba na mwenye kila kilichomo ndani. Na mimi nilikuwamo ndani.

Kulipopambazuka Mama Marsiana alimpigia simu Flavian, mdogo wake Timoth, kule Namanyere.

"Panda basi la leo," nilimsikia akisema. "Ndiyo, imezimika. Njoo na glopu. Usiniangushe, mwanangu."

Flavian ana mke na watoto. Siku ya mazishi, watu wote wakitazama kaburi, yeye alinitazama mimi, tena kwa utulivu, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Nilipotaka kwenda kununua glopu mwenyewe, mama alinishika kiwiko. "Usiiguse. Mwenye kuiwasha yuko njiani."

Alipojilaza baada ya chakula, nilitoka uani nikamwita Elia.

Elia ni mtu wa ziwani, mzaliwa wa Kipili, anauza migebuka sokoni. Alipanga nyumba ya jirani Timoth akiwa ameshazikwa, kwa hiyo hawakuwahi kuonana. Mkisikia nilianza kumpenda kwa sababu ya samaki mtanicheka, ila ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ananing'iniza migebuka kwenye uzio wetu na kuondoka bila kupiga hodi, ili nisisemwe. Halafu siku moja akasimama hapo hapo kwenye uzio, akaniambia ananipenda na kwamba hana haraka. Nilimwomba asubiri misa ipite. Akasubiri. Wanaume wanaojua kusubiri ni wachache, na mimi nilikuwa nimempata mmoja ng'ambo ya uzio.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi uani. Nilisikia nyayo zake kabla sijauona uso wake.

"Haya mambo ya kuitana kwa kunong'ona, Salome. Kuna nini?"

"Taa ya sebuleni imeungua."

Akacheka. "Ndiyo hiyo tu? Umeshindwa na glopu?"

"Njoo na glopu mpya unibadilishie. Upesi, kabla Flavian hajafika."

Jina hilo likamwondolea kicheko. Alinitazama kwa muda, macho yake yakinitafuta usoni, mpaka nikainamisha kichwa. Sikumwambia habari za mila. Niliogopa kwamba akijua atakataa, na niliogopa zaidi kwamba akijua atakubali.

Sebule ilikuwa na giza la ajabu, ingawa jua lilikuwa halijatua. Mapazia yalikuwa wazi na ukungu ulikuwa umejaa dirishani. Elia aliisogeza meza katikati, chini ya taa, kisha akaenda kwenye swichi.

"Hii tepu ya nini?"

"Iache."

"Siwezi kuiacha. Nikishika holda umeme ukiwepo mtakuwa na misiba miwili humu ndani."

Aliibandua. Ilitoka na rangi ya ukuta. Akazima swichi, na kitanda cha Mama Marsiana kikalia chumbani. Ndipo nikaona kitu ambacho hadi leo nikikisimulia huwa natazama juu kwanza. Glopu iliyokuwa imeungua tangu alfajiri, na swichi imezimwa, iliwaka wekundu hafifu ndani ya bakuli la kioo. Ikadumu kidogo, kisha ikafifia.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Waya mbovu," alisema Elia, lakini hakuniangalia. Akapanda mezani.

Taa yetu ilikuwa imefunikwa na bakuli la kioo la kukaza kwa kuzungusha. Timoth aliifunga mwenyewe. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na mikono yake ilikuwa na tabia ya kukaza kila kitu mpaka mwisho. Chupa ya asali aliyoifunga Timoth hakuna aliyeweza kuifungua. Nilikuwa naipeleka kwake kila mara, anacheka, anaifungua kwa vidole viwili, ananirudishia. Sasa ukichanganya mkono ule na joto la taa isiyozimwa mwaka mzima, unaweza kuelewa kwa nini kioo kile kilikuwa kimeng'ang'ania.

"Limekwama," alisema Elia. "Mpira wake umeyeyuka, umeshikana na kioo. Nipe kitambaa."

Nilimpa khanga. Akalizungushia bakuli, akakaza meno. Nilimwona shingo ikimsimama mishipa.

"Linakuja," alisema. "Linakuja, linak..."

Mikono yake ikaanza kurudi upande ule ule ilikotoka, polepole, naye akiitazama kana kwamba si yake.

"Elia?"

"Limerudi." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimelilegeza, limerudi lenyewe. Kuna mtu anakaza."

"Usinitanie."

"Nikutanie, nimepanda meza ya mjane, nimeshika kioo cha marehemu? Njoo ulishike mwenyewe uone." Akanusa hewa. "Na huyu anayesaga saa hizi ni nani? Nasikia harufu ya unga."

Nilikuwa nimeshaisikia. Harufu ya unga wa moto, unga unaotoka mashineni saa hiyo, ile aliyokuwa akiingia nayo Timoth kila jioni kwenye nywele na kwenye nyusi. Mashine ilikuwa imeuzwa zamani. Jirani hapo hakuna anayesaga. Mwili wote ulinisisimka, na wakati huo huo, niseme tu, moyo wangu uliruka kwa furaha, maana nilikuwa nimeikumbuka harufu ile mpaka nikaumwa.

Kutoka chumbani sauti ya Mama Marsiana ikaja, tulivu, ya kubembeleza, kama anaongea na mtoto aliyekaa kitandani kwake.

"Kaza, mwanangu. Kaza. Ndugu yako yuko njiani."

Elia alishuka mezani mara moja. Akanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Salome, niambie. Humu ndani kuna nini?"

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa Flavian: *Nimeshuka stendi shemeji. Natafuta pikipiki. Mwambie mama nakuja na glopu.*

Elia akausoma begani mwangu. "Huyu naye na glopu yake? Watu wazima wawili wanashindania taa?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote pale pale, kwa kunong'ona: moto wa ukoo, tepu, misa, na kwamba atakayeiwasha ndiye atakayekuwa mwenye nyumba na mwenye mjane. Kadiri nilivyosema ndivyo mkono wake ulivyozidi kuniachia.

"Kwa hiyo ulitaka nikuoe kwa kubonyeza swichi," alisema. "Bila kuniambia."

"Nilitaka asiwahi yeye."

"Na mimi ningejua lini? Baada ya kutukanwa na ukoo mzima? Mimi natoka ziwani, Salome, mila za huku juu sizijui. Ningeambiwa nimepora mke wa marehemu, na ningekuwa sijui hata nimefanya nini."

"Nisamehe."

"Nakusamehe. Lakini sasa najua, na bado nataka kuiwasha." Alichomoa bisibisi mfukoni, akapanda tena mezani. "Kioo hakifunguki, tunakivunja. Sogea."

"Usivunje!"

Nilipiga kelele. Sikujua kama nilikuwa nayo sauti ile. Elia alibaki na bisibisi hewani.

"Unamlinda nani?"

"Namlinda yeye."

"Amekufa, Salome."

"Najua amekufa! Mimi ndiye niliyemfumba macho!" Machozi yalinitoka, na niliyaacha yatoke. "Nilimpenda, Elia. Wewe hukuwepo. Alikifunga kile kioo siku tulipohamia humu, mimi nikimshikia meza, tukicheka. Usikivunje kwa hasira mbele yangu."

Aliteremsha mkono. Niliona maneno yangu yamemchoma. Uso wa mtu anayekupenda hauwezi kuficha, na wake haukujaribu.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Na wewe nakupenda. Nakupenda mpaka naona haya kukaa mbele ya kiti chake na kuongoza rozari. Nikisikia unafungua mlango wako asubuhi, naacha kufagia nisikilize."

Aliirudisha bisibisi mfukoni.

"Basi niambie unachotaka," alisema Elia. "Si anachotaka mama, si Flavian, si marehemu. Wewe."

Mwaka mzima hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo. Walinipikia uji, walinifunga kitambaa cheusi, waliniombea, wakapanga nitakapolala na nani atanitunza, na hakuna aliyeniuliza. Jibu lilikuwa limekaa mdomoni tayari.

"Nataka kuishi na wewe. Lakini sitaki kuchukuliwa. Asinichukue Flavian, na wewe usinichukue. Nataka nije mwenyewe."

Elia aliitikia kwa kichwa. Kisha akashuka, akatoa glopu mpya mfukoni, akaniwekea kiganjani, akaifunga mikono yangu juu yake.

"Panda," alisema. "Mimi nitashika meza."

Nilipanda. Nilivua kandambili, nikaifutika glopu kiunoni, nikasimama juu ya meza ile, nikainua mikono. Kioo kilikuwa cha baridi, baridi ya kuumiza vidole. Niliondoa ile khanga nikalishika bakuli kwa mikono mitupu. Sikuvuta. Nilihisi kitu upande wa pili wa kioo, uzito ule wa mtu aliyeshika unachokishika wewe. Mara ngapi tumebeba gunia pamoja, mimi na Timoth? Nilimjua kwa uzito wake.

"Baba Anjela," nilisema.

Harufu ya unga ilizidi mpaka nikakohoa.

"Baba Anjela, ni mimi. Mtoto wako Anjela yuko shule ya bweni, hajambo, anafanya vizuri hesabu kama wewe. Mama yako hajambo. Nimelia vya kutosha, wewe umeona. Sikukuacha hata siku moja ulipokuwa unaumwa, na wewe unajua." Nilimtazama Elia chini, nikaendelea. "Sasa kuna mtu. Huyu hapa chini. Sikukuficha, nimemwita mchana kweupe ndani ya nyumba yako. Nimempenda. Usiniache gizani nikimsubiri mdogo wako. Niachie, mume wangu. Legeza mkono, uende ukapumzike."

Hakikutokea kitu. Ukungu ulikuwa umetulia dirishani. Nje, mbali, pikipiki ilikuwa inapanda mtaa wetu. Elia alishika miguu ya meza kwa nguvu.

Kisha nilisikia juu ya dari pumzi ndefu ikishushwa, pumzi ya mtu anayetua mzigo. Bakuli likazunguka mikononi mwangu. Lilizunguka kwa wepesi, kwa nguvu ya vidole viwili tu, likanijia lote kifuani bila hata mkwaruzo. Na harufu ya unga ikakatika.

Nililipokeza kwa Elia. Niliitoa glopu nyeusi, nikaweka mpya, nikashuka. Pikipiki ilisimama getini. Nilitembea hadi ukutani, nikaweka kidole kwenye swichi.

Taa ikawaka.

Mama Marsiana alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, kajifunga shuka, nywele zake nyeupe ziko wazi. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alitazama taa, akamtazama Elia aliyeshika bakuli la kioo kama mwizi aliyekutwa na sufuria, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mama," alisema Elia.

Hakuitikia. "Nani ameiwasha?"

Elia alifungua mdomo. Nikamwahi.

"Mimi, mama."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Alitembea polepole hadi kwenye kiti cha Timoth, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu mazishi, akakipapasa mgongo kwa kiganja. Nilidhani atapiga yowe, mtaa mzima uje.

"Nilikuwa naye kule ndani," alisema. "Tangu alfajiri. Alikaa miguuni kwangu, godoro limebonyea. Nikamwambia akaze." Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Nimemsikia alivyoshusha pumzi. Tangu utoto, Timoth hakuwahi kuachia kitu asichotaka kukiachia. Ungemvunja vidole. Ameachia mwenyewe, Salome. Nimemsikia mwanangu akiondoka."

Nilimfuata nikamkumbatia. Alikuwa mdogo mikononi mwangu, na tulilia pamoja kwa mara ya kwanza, maana mwaka ule wote kila mmoja alilia chumbani kwake. Mlangoni Flavian alikuwa anagonga.

"Hodi! Mama! Nimefika!"

Mama Marsiana alijitoa taratibu mikononi mwangu, akajifunga shuka vizuri. "Mfungulie."

Flavian aliingia na ukungu wake, boksi la glopu mkononi. Alipoiona taa alisita kizingitini. Alimwona Elia, uso ukamkunjamana.

"Ni nani aliyewasha? Huyu?"

"Karibu, mgeni," alisema mama.

"Mgeni? Mama, hii nyumba ya kaka yangu!"

"Ilikuwa. Sasa mwenye nyumba ndiye huyo, msalimie."

"Salome? Mwanamke?"

"Amewasha nani?" Mama alikaa kwenye kiti cha Timoth, kikalia chini yake. "Kaa, mwanangu, upewe chakula. Kesho utarudi kwa mkeo, asijisikie mpweke."

Flavian alikaa. Alikuwa ameishikilia glopu yake mapajani na hakujua pa kuiweka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Elia, si karibu sana, na hatukuthubutu kutazamana. Kwa heshima aliweka bakuli la kioo mezani, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlango wa uani.

"Wewe," alisema Mama Marsiana.

Elia akasimama. "Naam, mama."

"Wa Kipili."

"Ndiyo, mama."

Alimpima kuanzia miguuni hadi usoni, bila haraka.

"Wazazi wako wapo?"

"Wapo, mama. Wote wawili."

"Waambie misa ikishapita waje wanione." Aligeukia dirisha, alikokuwa ukungu, ili tusimwone anavyolia. "Na uwaambie huku kwetu kuna baridi. Waje na makoti."